Usiku wa Kupamba na Kamera ya Kuanzia: Makali ya Picha Hutoka Wapi

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wapiga picha wanawake wa Mombasa na viunga vyake, kwenye kikao chetu cha mafunzo cha alasiri. Wengi waliokosa kufika waliniomba niyaandike, nami nimeyaandika karibu yote kama yalivyotoka kinywani. Nilichokiacha ni picha nilizozionyesha ukutani, kwa sababu wenyewe walinikubalia nizionyeshe ndani ya chumba kile na si nje yake.

Assalaam aleykum, mama zangu, dada zangu na wanangu. Hamjambo nyote? Nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu za mchana, nami najua kwamba wengine wenu mmetoka kazini usiku wa jana na bado macho yana usingizi.

Nimeombwa nizungumzie jambo moja tu, nalo ni namna ya kupata picha yenye makali mahali penye mwanga mdogo, kwa kamera ya kuanzia. Nyanyueni mikono wenye Canon EOS 2000D. Naam. Na wenye Nikon D3500? Naam, karibu chumba kizima. Kamera hizi mbili zilitoka mwaka 2018, kila moja ina pikseli, yaani vijinukta vya picha, milioni 24 na kitu, na ndani yake mna sensa, kile kibamba kinachopokea mwanga, yenye upana wa milimita 22 au 23 hivi. Si kamera za kifahari, lakini si vitu vya kuchezea pia, na leo hakuna atakayeambiwa hapa akauze yake ndipo arudi.

Kwa nini sisi hasa tuzungumze juu ya giza? Kwa sababu kazi yetu ni ya usiku. Wanaume wenzetu katika fani hii hupiga nikaha mchana, msikitini au uwanjani, jua likiwaka. Sisi ndio tunaoruhusiwa kuingia kwenye kupamba, ile sherehe ya harusi ya wanawake peke yao, ambako mabuibui yamevuliwa, milango imefungwa, simu zimezuiliwa, na bibi harusi ameketi jukwaani chini ya taa za zambarau na bluu ambazo mpambaji amezichagua kwa ajili ya macho ya wageni, si kwa ajili ya sensa yako. Yule bibi harusi ametuamini. Usiku ule haurudiwi. Je, tutamwambia kesho kwamba kulikuwa na giza?

Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Kupamba ya kwanza niliyolipwa niliipiga kwa lenzi iliyokuja na kamera, ile ya milimita 18 hadi 55 ambayo wengi wenu mnayo. Aliyenifundisha alikuwa amenionya kwamba ISO, yaani kipimo cha namna kamera inavyoukuza mwanga inaoupokea, isizidi 800, kwani ikizidi picha itajaa chenga, yale mavumbi ya rangi, nami nikalishika neno hilo kama kiapo. Nilisimama mbali kwa haya, nikaivuta lenzi hadi milimita 55, tundu la lenzi linalopitisha mwanga likawa dogo, f/5.6, ISO ikabaki 800, na kamera, kwa kuwa haikuwa na njia nyingine ya kupata mwanga, ikaifungua shata, lile pazia lililo mbele ya sensa, kwa sehemu ya 15 ya sekunde. Kila picha niliyoitazama kwenye kioo cha nyuma cha inchi 3 iling'aa kama lulu. Nikarudi nyumbani nikiimba. Kesho yake nilizifungua kwenye kompyuta, nikamkuta bibi harusi ana safu mbili za kope na somo wake, yule mwanamke anayemwongoza, ana mkono wenye vidole saba. Mama mzazi alipoletewa albamu aliifungua, akatulia kidogo, kisha akaniuliza kwa upole ambao hadi leo unaniuma: "Mwanangu, mbona bibi harusi wetu kama yuko ndani ya maji?"

Sikuwa na jibu. Nilimrudishia nusu ya malipo na nikaenda zangu.

Je, kosa lilikuwa la kamera? Halikuwa la kamera. Lilikuwa la lenzi? Halikuwa la lenzi. Lilikuwa la giza? Wala halikuwa la giza, maana usiku uleule, kwa kamera ileile na lenzi ileile, picha zenye makali zilikuwa zinapatikana. Kosa lilikuwa kwamba niliogopa ugonjwa mdogo, nikakaribisha ugonjwa mkubwa.

Dada zangu, neno "ukungu" linatudanganya kwa sababu tunaliita jina moja wakati maradhi ni zaidi ya moja. Upo ukungu wa mkono wako unaotikisika, na huu huuponza mchoro mzima, viti, pazia, uso na vitambaa, vyote vikiburuzika kuelekea upande mmoja. Upo ukungu wa mtu anayesogea, ambapo kiti kimetoka safi kabisa lakini mkono wa aliyekaa umeyeyuka. Upo ukungu wa fokasi iliyokosea, yaani lenzi imelenga makali yake mahali pengine, ambapo maua ya nyuma yana makali ya kukata na macho ya bibi harusi hayana. Halafu ziko chenga, yale mavumbi ya rangi yaliyotawanyika gizani, ambazo kwa hakika si ukungu hata kidogo, kwani mistari bado imeshika mahali pake.

Mtautambuaje ugonjwa? Ikuzeni picha hadi mwisho na mtafute ndani yake nukta ya mwanga, kijitaa cha pambo au kimeto cha dhahabu. Nukta hiyo ikiwa imevutwa kuwa kamstari au ndoano, ni mkono uliotikisika. Ikiwa imevimba kuwa duara laini, ni fokasi. Ikiwa imebaki nukta, na mavumbi yamezunguka kila mahali, ni chenga tu, na unaweza kulala usingizi. Nawasihi mfanye hivyo palepale ukumbini, baada ya picha tano za kwanza, si kesho yake. Kile kioo cha nyuma ni kidogo mno kusema kweli mpaka ubonyeze kitufe cha kukuza.

Sasa turudi kwenye ile ISO 800 yangu na shata ya 1/15. Ningalipandisha ISO hadi 1600, shata ingalipata 1/30. ISO 3200, shata 1/60. ISO 6400, shata 1/125. Mwangaza wa picha ni uleule katika hali zote nne. Kilichobadilika ni kwamba kwa 1/125 mkono wangu usingaliandikwa kwenye uso wa mtu. Kamera ilikuwa na uwezo huo mfukoni, nami sikuutumia kwa sababu ya kiapo.

Kuna hesabu ya zamani ya wapiga picha, ambayo kwa kamera zetu lazima tuiongezee kidogo: chukua urefu wa lenzi, yaani ile namba yake ya milimita, uzidishe kwa 1.5 ukiwa na Nikon au 1.6 ukiwa na Canon, na shata yako isiwe polepole kuliko sehemu hiyo ya sekunde. Lenzi ya milimita 55 kwenye Canon inakupa 88, kwa hiyo anzia 1/90 na kwenda juu. Lakini hesabu hiyo ni ya mkono wako tu, haimjui unayempiga. Mtu aliyeketi kimya akitazama mbele utampata kwa 1/60. Anayezungumza na kucheka anataka 1/125. Wanaocheza chakacha wanataka 1/250 au zaidi, na hata hapo ncha za leso zitaburuzika, nami nazipenda zikiburuzika.

Wengine huniuliza juu ya herufi IS kwenye lenzi za Canon na VR kwenye za Nikon. Mtambo huo ni mzuri, unatuliza mtikiso wa mkono wako, lakini haumtulizi anayecheza, na tena baadhi ya kamera hizi huuzwa na lenzi isiyo na mtambo huo kabisa, kwa hiyo soma herufi kabla ya kulipa.

Na chenga je? Nataka mzielewe, ili msiziogope. Wekeni sufuria mbili zinazofanana uani wakati wa manyunyu mafupi na mhesabu matone. Moja itapata 95, nyingine 108, ingawa mvua ni moja. Sasa acheni inyeshe hadi kila sufuria ipate matone 10,000 hivi, tofauti itakuwa kama mia moja, yaani asilimia 1 tu, na hakuna jicho litakaloiona. Pikseli ni sufuria na mwanga ni mvua. Matone yakiwa machache, sufuria jirani hazilingani, na kutolingana huko ndiko kunakoitwa chenga. Mnaona basi kwamba chenga nyingi zinatokana na uhaba wa mwanga wenyewe wala si kitufe cha ISO. Yule anayeiacha ISO chini akapata picha nyeusi, kisha akaiinua kwenye kompyuta, hakuzikimbia chenga. Amezikuta nyumbani zikimsubiri, na mara nyingi zimeongezeka, hasa kwenye mabuibui na nywele.

Halafu jiulizeni picha ile itatazamwa wapi. Picha yenu ina pikseli 6000 kwa 4000. Mteja akiomba ya kutuma kwa simu na mkaipunguza hadi 1500 kwa 1000, kila pikseli 16 zimekuwa moja, na chenga zimeshuka hadi robo ya zilivyokuwa. Lakini kope zilizoandikwa mara mbili hubaki mbili. Yule mama angalisema nini juu ya chenga za ISO 6400? Asingalisema kitu, kwa kuwa asingaliziona. Nimepiga mamia ya nyuso tangu hapo, na hajatokea mama hata mmoja aliyenilalamikia chenga.

Neno moja juu ya kusafisha chenga kwenye programu za kompyuta, kwa sababu hapa vijana wananichosha. Msisugue hadi ngozi iwe kama sahani ya plastiki. Usafishaji uliopitiliza hula kope, hula nakshi za hina, hula uzi wa zari, na mwisho umejitengenezea ukungu wa nne kwa mkono wako. Pigeni kwa RAW, yaani faili ghafi ya kamera, kama kadi ina nafasi, maana faili hiyo huhifadhi ngazi nyingi zaidi za mwanga kuliko JPEG, ile faili ya kawaida iliyobanwa, kisha safisheni rangi za chenga zaidi na punje zake kidogo tu.

Nimekaa sana hapo kwa makusudi, kwani ndipo wengi tunapojikwaa. Tuje kwenye lenzi.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, nami nakubali, ila kuna jembe moja ambalo nitawashauri mlinunue kabla ya kufikiria kamera mpya. Ni lenzi ya f/1.8 isiyovuta. Kwa Canon ni ile ndogo ya milimita 50, na kwa Nikon ni ya milimita 35 au 50. Namba ya f inasomwa kinyume: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Na kwa kuwa mwanga hupita kwenye eneo la tundu, hesabu yake huenda kwa mraba. Gawanya 5.6 kwa 1.8 unapata 3.1, zidisha 3.1 kwa yenyewe, unakaribia 10. Mara kumi, dada zangu! Ile picha iliyotaka ISO 6400 kwa shata ya 1/125, sasa inataka ISO 640. Hakuna kamera mpya ya bei yoyote ile itakayokupa mara kumi ya mwanga kwa fedha kidogo namna hiyo, na lenzi ya mkono wa pili hufaa kabisa ikiwa vioo vyake havina ukungu wa kuvu, jambo ambalo kwa hewa ya chumvi na unyevu wa kwetu lazima ulichunguze kwa tochi kabla ya kutoa pesa.

Wenye Nikon, nisikilizeni vizuri. Binti mmoja niliyekuwa nikimfundisha alifunga safari kwenda kununua lenzi ya milimita 50, akaletewa yenye herufi D mwishoni, akahakikishiwa kwamba inaingia kwenye D3500. Na kweli iliingia. Ilichokataa ni kujitafutia fokasi, kwa sababu lenzi za aina ile hutegemea mota iliyo ndani ya kamera, na D3500 haina mota hiyo. Alipiga harusi nzima akizungusha pete kwa vidole gizani, maskini. Tafuteni iliyoandikwa AF-S, ambayo ina mota yake yenyewe.

Lakini tundu kubwa lina kodi yake, nayo ni kina cha fokasi. Ukimsogelea mtu hadi mita 1.5 kwa lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa f/1.8, unene wa sehemu iliyo safi ni sentimita 6 hivi. Sentimita sita! Pua mpaka sikio hapaenei. Niliwahi kupiga usiku wa hina, bibi harusi akaninyoshea viganja vyake mbele ya uso kwa furaha, nami kwa furaha yangu nikabonyeza. Hina ilitoka safi hata ungeweza kuhesabu majani ya mchoro. Macho yake yalikuwa mawingu. Picha hiyo niliipenda na yeye aliipenda, lakini ilikuwa ni bahati, na picha kumi zilizofuata, ambazo nilitaka macho, nazo zilikuwa na hina tu.

Tangu hapo nimejiwekea utaratibu. Sifungui hadi mwisho. Naziba kidogo hadi f/2.2, ambapo pia lenzi hizi nafuu huwa na makali zaidi kuliko zikiwa wazi kabisa, na narudi nyuma hadi mita 2, hapo kina kinakuwa sentimita 13 hivi. ISO inapanda hadi 1000, nayo si kitu. Wakiwa wawili, nawaomba wakae bega kwa bega katika mstari mmoja, ili nyuso zote mbili ziwe umbali sawa nami. Fokasi naiweka mimi, simwachii kamera ichague, maana ikichagua itashika pambo linalong'aa. Canon ile ina vituo 9 vya fokasi na Nikon ina 11, lakini kile cha katikati ndicho chenye nguvu kuliko vyote gizani, kwa kuwa kinasoma mistari ya wima na ya mlalo pia. Kiwekeni kwenye ukingo wenye tofauti ya mwanga na giza, mahali wanja unapokutana na weupe wa jicho. Kwenye shavu tupu kitahangaika huku na huko. Msiihamishe kamera mbali baada ya fokasi kushika. Pikseli milioni 24 zinatosha, kateni pembeni baadaye. Na tazameni kwa jicho kwenye kitundu cha juu, kwani kwenye kioo cha nyuma kamera hizi hutafuta fokasi polepole mno gizani.

Na asiye na uwezo wa kununua lenzi mwezi huu afanyeje? Asivute. Lenzi yake ikiwa kwenye milimita 18 tundu ni f/3.5, na mwanga unaoingia ni mara mbili na nusu ya ule wa milimita 55. Aache haya iliyonifelisha mimi, apige hatua mbele, awe kwenye milimita 24 au 28, asimsogelee mtu hadi pua ikue.

Hadi sasa nimezungumza kama kwamba mwanga wa mahali ni amri isiyobadilika. Sivyo. Kuna muuza kahawa mmoja Mji wa Kale ambaye nilitamani sana kumpiga, na dele lake la kahawa na makaa yake, jioni baada ya isha. Alikuwa akikaa mbali na taa pekee ya kibaraza kile, kama mita 4, nami nilirudi mara tatu na picha za kutupa. Mara ya nne nilinunua kahawa, nikakaa na wake zake wawili, mmoja akacheka na kuniuliza: "Kwani lazima umpige pale?" Tukasogeza benchi hadi mita 2 kutoka kwenye taa. Umbali kutoka kwenye taa moja ukipungua nusu, mwanga unaongezeka mara nne. Mara nne, kwa kusogeza benchi! ISO 6400 ikawa 1600, na mikunjo ya mikono yake ikasomeka kama maandishi. Gharama ilikuwa vikombe viwili vya kahawa na kashata.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kitufe chochote, zungukeni ukumbi mkitazama nyuso, si taa. Ni wapi uso wa mtu anayepita unang'aa? Hapo ndipo pa kumwita bibi harusi na mama yake. Semeni mapema na mpambaji pia, mumwombe ile taa nyeupe moja iachwe ikielekea kiti, kwa sababu mwanga wa bluu tupu au zambarau tupu hautoi ngozi ya binadamu hata ukiwa na kamera ya mfalme.

Taa za mrija zina hila nyingine. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za aina hiyo hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Nilipopiga mahafali ya madrasa kwa 1/250, picha moja ilitoka ya njano, ya pili kijani, ya tatu ina ukanda mweusi, nikadhani kamera imeharibika. Shata ya 1/100 inachukua mpepeso mzima mmoja, na 1/50 inachukua miwili, kwa hiyo kila picha inafanana na mwenzake. Ndiyo maana kwenye ukumbi wenye mirija mimi huweka 1/100 na kuiacha hapo. Zile taa za jukwaani za kisasa zina mapepeso yao ambayo hayafuati hesabu hii, jaribuni tu.

Flashi ya juu ya kamera nitaipita haraka: inaua wanja, inachoma dhahabu, na nyuma ya bibi harusi inaacha pango. Ukiwa na flashi ya kugeuza kichwa, ielekeze kwenye dari jeupe lililo karibu. Chini ya hema la rangi usifanye hivyo, maana hema jekundu litawafanya wageni wote wawe wekundu.

Limebaki la mikono. Viwiko vikae mbavuni, si hewani kama mabawa. Mguu mmoja mbele, bega kwenye nguzo ikiwepo, pumzi itolewe nusu, na kidole kiikandamize shata polepole badala ya kuipiga kibao. Pigeni tatu mfululizo. Ya kwanza huharibiwa na kidole kinachoshuka, ya mwisho na kidole kinachoinuka, na ya katikati mara nyingi ndiyo yenye makali. Nami nina siri moja ambayo mpwa wangu huicheka: kifuko nilichokishona kwa leso kuukuu, ndani yake mchele kilo moja. Nakiweka juu ya meza au mgongo wa kiti, nailaza kamera juu yake, nayo inatulia kama mtoto aliyeshiba. Kwa picha za jukwaa tupu kabla wageni hawajaingia, natumia kifuko hicho au stendi ya miguu mitatu, ISO 100, tundu f/8, shata hata sekunde 2, na kamera nairuhusu ijipige yenyewe baada ya sekunde 2 ili mkono wangu usiiguse. Kwenye stendi zimeni IS au VR, kwani kwenye baadhi ya lenzi mtambo huo hutafuta mtikiso usiokuwepo, ukauzua wenyewe.

Mchele nao, niwaambie, msiupike baadaye. Nilijaribu. Una harufu ya begi.

Sasa nimesema vya kutosha. Dada uliye karibu na swichi, tafadhali zima taa zote isipokuwa ile moja ya mlangoni, na ninyi wa safu ya nyuma fungeni mapazia. Gawanyikeni wawili wawili. Mmoja aketi mita 4 kutoka kwenye taa, asimame mwenzake mbele yake, apige picha tano kwa ISO 800 na shata yoyote ile kamera itakayotoa, kisha tano kwa shata ya 1/100 na ISO itakayohitajika, hata ikifika mwisho. Halafu kiti kisogezwe hadi mita 2 na mrudie zote. Mtu asiniambie ipi nzuri mpaka ameikuza hadi mwisho na kuzitazama kope.